Tutengewe njia ya baiskeli Mpunguzi hadi Mvumi kabla viwanja havijaimeza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi baiskeli hapa Mpunguzi, Dodoma, kando ya barabara ya Iringa. Kila zikizungumzwa habari za makao makuu, huku tunasikia barabara tu: ya mzunguko ya kilomita 112, ya kwenda Msalato, ya kwenda Mtumba. Sizipingi, lami imetutoa mbali. Ninachoomba mimi hakihitaji hata ndoo moja ya lami. Naomba njia moja ya baiskeli na ya miguu, isiyopitiwa na gari, kutoka kwetu hadi Mvumi kupitia mashambani, itambuliwe rasmi na iwekewe mawe ya mipaka kabla wapima viwanja hawajaifikia.

Njia yenyewe ipo, na ni ya zamani kuliko ofisi zote zitakazosoma barua hii. Ni njia ya ng'ombe. Inaanzia nyuma ya mashamba ya zabibu, inakata korongo la mchanga, kisha inaambaa na mibuyu na mashamba ya mtama na uwele. Mwezi wa saba unaweza kuendesha asubuhi nzima usikutane na chochote chenye injini. Utakutana na wachungaji, akina mama wenye madumu ya maji, na wazee watakaokuambia "mbukwenyi" na kusubiri uitikie ndipo wakuache uende.

Nitasema kwa nini naidai sasa. Barabara hii ya Iringa ni kipande cha ile njia kuu ya Cairo hadi Cape Town, ndiyo maana wasafiri wa baiskeli kutoka nje hawatuishi hapa. Kuna msafara wao mkubwa ulioanza mwaka 2003, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukishuka Kondoa, Dodoma, Mtera hadi Iringa. Wengine huja wawili wawili, mume na mke, mifuko imening'inia pande zote za baiskeli. Wakishakunywa maji chini ya mwarobaini wangu huuliza swali moja: hakuna njia nyingine isiyo na mabasi?

Wana haki ya kuuliza. Basi likitokea nyuma yako hupiga honi mara moja, na maana yake ni "toka". Unaruka kwenye bega la barabara, kokoto zinakupokea. Wazungu wanaandika habari zake wakifika kwao, lakini sisi ndio tunaoishi nayo. Mteja wangu mmoja, mama anayepeleka zabibu mjini kwa baiskeli, alisukumwa na upepo wa basi hadi mtaroni. Yeye alipona. Rimu ya nyuma ilipiga nane na tenga zima la zabibu likawa juisi. Dereva hata hakupunguza mwendo.

Wenzetu walishalitatua jambo hili bila makeke. Hispania tangu mwaka 1993 wanageuza njia za reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli, wanaziita Vías Verdes, na sasa zimepita kilomita 3,000. Uingereza, kati ya Bristol na Bath, watu wa kujitolea walianza mwaka 1979 kutengeneza njia juu ya tuta la reli iliyofungwa, wakamaliza 1986, kama kilomita 21. Walichagua reli kwa kuwa garimoshi haliwezi mlima mkali, kwa hiyo hata bibi wa miaka sabini anapanda pale bila kushuka kwenye baiskeli. Sisi nasi tunayo ya namna hiyo: ile reli iliyotoka Msagali kwenda Kongwa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Vyuma viling'olewa kitambo, ila mwinuko wa ardhi haukung'olewa navyo. Kongwa wakiamka waidai yao. Mimi nadai ya kwetu.

Kuna watakaosema njia ya ng'ombe haifai baiskeli kwa sababu ya miiba. Hapo wameingia kwenye kazi yangu. Adui wa tairi Dodoma si mgunga, ni mbigili, kile kimche kinachotambaa chini na kuzaa punje zenye pembe. Ukiiangusha punje ya mbigili vyovyote vile, pembe moja itatazama juu. Lakini katikati ya njia ya ng'ombe haikai, kwato zimeshaisaga. Imejaa kandokando. Wageni hupata pancha wanapoisukuma baiskeli pembeni wakapige picha ya mbuyu: matairi yote mawili kwa mpigo, na nikiivua tyubu naikuta ina matundu kama chekecheke. Dawa yake ni rahisi. Naipasua tyubu kuukuu, naitandika ndani ya tairi, kisha naweka tyubu nzima juu yake. Baiskeli inakuwa nzito kidogo, lakini inafika Mvumi. Watu wanaokaa kando ya njia wakifyeka mbigili kila upande, upana wa hatua mbili, kabla haijakomaa na kumwaga mbegu, hata hiyo tyubu kuukuu haitahitajika.

Kigumu ni bodaboda, na hapa sitaki kudanganya. Panapopita baiskeli pikipiki itapita, uweke nguzo usiweke. Wala siungi mkono kuizuia pale ambapo ndiyo gari la wagonjwa pekee, mama mjamzito hawezi kusubiri starehe ya mtalii. Ila baina yetu na Mvumi zipo barabara za magari zinazopitika. Bodaboda ibaki huko, serikali za mitaa na vijiji zitunge sheria ndogo, na atakayekaidi atozwe faini na mgambo yule yule anayekamata mbuzi mashambani. Kazi hiyo anaijua.

Faida za fedha wengine watazihesabu vizuri kuliko mimi. Zabibu, soda, chakula, kitanda cha kulala, na choo safi, maana mgeni huuliza choo kabla ya chakula.

Haraka yangu inatokana na ardhi. Upande wa Mvumi ni vijiji, vina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuitenga njia katika mpango wa matumizi ya ardhi. Upande wetu ni mitaa ya Jiji. Huku anayeamua ni mchoro wa mipango miji, na njia ya ng'ombe isipoonekana kwenye mchoro inakuwa kiwanja cha mtu. Vipande vya njia za namna hii karibu na mjini vimeshakwenda hivyo. Asubuhi unakuta ukuta wa tofali, mifugo inazunguka lami.

Nawaomba wa Mipango Miji na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, watume mtu mmoja. Gari aliache kwangu, nitampa baiskeli yenye tyubu mbili na kumwonyesha njia yote. Aje kabla ya mvua za Desemba. Korongo likishuka hatutavuka, na sipendi aandike kwenye ripoti yake kwamba njia haipitiki.

Fundi baiskeli,
Mpunguzi, Dodoma