Mbunge asikie, kisha atujibu

Mhariri,

Wiki hii mbunge wetu hapa Eastlands amekuwa akikutana na wakazi, na nampongeza kwa kuja mtaani hata kabla ya kampeni za 2027. Lakini siku niliyohudhuria, mama mmoja alisimama na bahasha yenye barua ya mwanawe ya kujiunga na sekondari, akaulizia basari, yaani msaada wa karo, ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya eneobunge. Karani akaandika jina lake daftarini, kipaza sauti kikapewa mwingine. Hakuna aliyemwambia fedha zimebaki kiasi gani wala kamati itakaa lini. Aliketi bahasha ikiwa mkononi. Iliniuma sana.

Maswali mengi yalihusu takataka na mitaro iliyoziba. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi hiyo, na mwakilishi wadi ndiye anayefaa kuihoji serikali ya kaunti kwa niaba yetu. Mbona hakualikwa? Yeye pia tulimchagua sisi.

Naomba daftari lile lijibiwe, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya eneobunge na kwa chifu kabla ya shule kufunguliwa. Mama yule anahitaji kujua mapema kama atatafuta karo kwingine.

Mkazi wa Eastlands,
Nairobi