Kutu ya msuka wa upanga wa Kijapani isisuguliwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu niseme neno na familia za huku kwetu Kanda ya Kati ambazo bado zinatunza upanga wa Kijapani ulioletwa na babu aliyepigana Burma. Haziwezi kuwa nyingi, lakini zipo, kwa kuwa vikosi vya Tanganyika vya Keya, yaani jeshi la kikoloni la King's African Rifles, vilikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944, na babu yangu mzaa mama alirudi Mpwapwa na upanga aliousokomeza juu ya dari ya tembe, ukakaa huko hadi alipofariki.

Kilichonisukuma kuandika ni yaliyompata jirani yangu mwezi uliopita. Naye alirithi upanga, akaupeleka Dodoma mjini kwa mnunuzi wa vitu vya kale, akaambiwa kwamba chuma chenye kutu hakinunuliki. Bila kuuliza mtu mwingine akaenda kwa fundi wa kuchomelea, mashine ya kusagia ikapita juu ya bapa, kisha, na hapa ndipo hasara ilipo, ikapita juu ya msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, mpaka ukang'aa kama kijiko. Aliporudi kwa mnunuzi yule yule alitajiwa bei ya panga la kufyekea.

Msuka ndio cheti cha kuzaliwa cha upanga wa Kijapani. Mhunzi alipomaliza kazi yake alichonga jina lake hapo, wakati mwingine na mwaka, na akaacha alama za tupa zenye mpangilio wa kiwanda chake. Kutu iliyotanda juu ya msuka kwa karne kadhaa huwa nyeusi, laini na yenye kina, tofauti kabisa na wekundu wa kutu ya juzi, na kwa kutazama rangi hiyo mjuzi hukadiria umri. Jina peke yake halitoshi, maana majina ya wahunzi mashuhuri yameghushiwa tangu zamani; wala kukosekana kwa jina si dosari, kwa sababu panga nyingi ndefu zilifupishwa kwa kukatwa upande wa msuka na jina likaenda na kipande kilichokatwa. Ndiyo maana kutu inahitajika hata pale ambapo hakuna maandishi ya kusoma.

Nilikuwa nimeuona upanga wa jirani kabla haujaharibiwa. Mpini wake ulikuwa wa mti uliovikwa ngozi ya taa, yule samaki bapa wa baharini, na juu yake uzi uliosukwa ukiacha vijidirisha vya umbo la almasi. Tulikigonga polepole kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, kikatoka, na msuka ulipochomoka ulikuwa mweusi kama sufuria ya kuni, una herufi tano upande mmoja. Kwenye makali kulikuwa na ukungu mweupe unaopanda na kushuka kama mawimbi. Ukungu huo hutokea pale mhunzi anapopaka udongo mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, kisha akachovya chuma cha moto majini. Ala yake ilikuwa ya kijeshi, lakini hilo lisimdanganye mtu: wakati wa vita maofisa wengi wa Kijapani walizivisha panga za ukoo wao mavazi ya jeshi.

Upanga wa babu yangu, ambao kwa miaka yote niliuonea fahari, ni kinyume chake. Mpini ni wa madini yaliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ufanane na uzi, umefungwa kwa skrubu badala ya kijiti, na kwenye bapa imegongwa namba. Hizo ni panga za kiwandani walizopewa masajini kuanzia mwaka 1935. Zina thamani kama kumbukumbu ya vita, ila si kazi ya sanaa. Nilisikitika kwa siku mbili hivi.

Mwenye upanga basi asianze na bei. Apime urefu kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi kidato cha mgongoni pale bapa linapokutana na msuka. Ukizidi sentimeta 60 hivi huhesabiwa katika panga ndefu, na chini ya 30 ni jambia. Apige picha za pande zote mbili za msuka kama ulivyo, bila msasa, bila ndimu, bila mafuta ya taa. Picha hizo ndizo mjuzi wa kweli atakazoziomba kwanza, ingawa hukumu ya mwisho hutolewa upanga ukiwa mkononi. Vyeti vinavyoheshimiwa zaidi hutolewa Tokyo na chama cha kuhifadhi sanaa ya panga kilichoanzishwa mwaka 1948, kwa hiyo mnunuzi anayetaja bei kabla hajaufungua mpini anakisia tu.

Kwa bapa, tone la mafuta mepesi kwenye kitambaa safi linatosha, na vidole visiguse chuma. Wajapani wenyewe hutumia mafuta yaliyotiwa karafuu, nasi karafuu tunayo. Msuka uachwe mkavu na mweusi.

Mwalimu mstaafu,
Mpwapwa, Dodoma