Maji kwanza, blanketi baadaye

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa mifugo umewashauri wenye farasi wa Lubumbashi wanunue blanketi nzito kabla baridi ya Juni haijakaza. Sisi tunaoshinda mabandani, upande wa njia ya Kipushi, tunakubali kwamba blanketi lina kazi yake. Ila mmeanzia mwisho. Juni na Julai tatizo linalotukimbiza usiku ni tumbo la farasi, na tumbo hilo huharibikia kwenye pipa la maji.

Mawazo ya blanketi nzito yanakuja na video za ndugu zetu walioko Kanada. Kule baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na bado farasi aliyeota manyoya yake ya majira hayo huishi nje, mradi awe mkavu, akingwe upepo na ale majani ya kutosha. Wanamwaga mchanga au majivu njiani asiteleze, na wanamchokolea theluji inayoshikamana chini ya kwato, hasa akiwa na viatu vya chuma. Lakini kazi isiyosubiri kila alfajiri ni kupasua barafu kwenye chombo cha maji, maana kulamba theluji hakumkati farasi kiu. Mwenye uwezo huweka hita ya umeme ndani ya chombo. Huku kwetu asubuhi chache tu ndipo umande huganda kwenye nyasi za dambo (bonde lenye majimaji), kwa hiyo tunadhani jambo la maji halituhusu. Linatuhusu, kwa sababu maji yakiwa baridi sana farasi huonja na kuondoka, hata kama hayajaganda.

Piga hesabu. Wakati wa mvua farasi hula nyasi mbichi, na zaidi ya robo tatu ya uzito wa nyasi hizo ni maji. Kilo 30 za nyasi mbichi zinampa zaidi ya lita 20 kabla hajainamia ndoo. Kiangazi kikifika anahamia kwenye majani makavu. Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 7 hadi 9 kwa siku, na ndani yake hamna hata lita moja na nusu ya maji. Basi inambidi anywe lita 30 au 40, tena katika miezi ile ile ambayo maji ya alfajiri yanauma meno. Asipokunywa, majani hukauka ndani ya utumbo mkubwa na kukwama pale unapokunja kona na kuwa mwembamba. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite njia nzima.

Majani yenyewe nayo yana lawama. Yaliyokatwa mwishoni mwa mvua, Aprili, yakiwa bado na rangi ya kijani, humeng'enywa vizuri. Nyasi iliyosimama porini hadi Julai imekuwa fito. Ni rahisi kununua, na ndiyo inayoziba. Mkishindwa kupata nyingine, ilowekeni nusu saa kabla ya kulisha. Vumbi linapungua, kikohozi kinapungua, na farasi anakula maji bila kujua. Iliyobaki mchana itupwe, kwa sababu ikilowa muda mrefu huchacha.

Sasa maji. Umeme ukirudi usiku, pampu hujaza mapipa usiku, na hayo ndiyo maji ya saa 12 asubuhi. Mkiweza, jazeni saa 7 mchana, mpira wa maji ukiwa umelala juani, kisha funikeni mapipa kwa mifuniko na magunia mawili matatu. Alfajiri chemsheni kidogo: lita 3 za maji yanayotokota ndani ya lita 17 za maji baridi zinatoa ndoo vuguvugu, na hapo ndipo farasi anavuta bila kuinua kichwa. Yasiwe ya moto. Ndoo ioshwe kila siku, kwa sababu utelezi wa kijani humfanya akatae hata maji mazuri.

Mbabula (jiko la makala, yaani makaa) ya kuchemshia ikae nje, mbali na ghala la majani. Kila mwaka tunaona watu wanaingiza makala yanayowaka ndani ya banda lililofungwa "ili farasi apate joto". Cheche moja inatosha. Na moshi wa makala usioonekana huua mtu usingizini, kwa hiyo mlinzi asilale nayo chumbani. Blanketi la ziada apewe yeye.

Chumvi ni gramu 30 kwa siku, yaani karibu vijiko viwili vya mezani visivyorundikwa, ndani ya pumba za mahindi zilizolowa. Inaleta kiu. Ndoo ikiwa tupu, msimpe.

Kuhusu kuvisha: farasi mzee, aliyekonda, mgonjwa au aliyenyolewa manyoya avishwe usiku. Wengine waongezewe kilo moja au mbili za majani jioni. Majani yakichachuka tumboni hutoa joto kuliko nafaka. Na anayevishwa avuliwe ifikapo saa 3 asubuhi. Usiku wa nyuzi 6 au 7 unafuatwa na mchana wa nyuzi 25, na farasi aliyeachwa na blanketi hutoka jasho, kisha jioni hiyo hiyo jasho lile linamtia baridi.

Mfanyakazi anayefagia banda asifagie kabla hajahesabu. Farasi mzima hutoa mavi mara 8 hadi 12 kwa siku, hivyo asubuhi mtegemee marundo manne au matano. Ukikuta moja tu, la vipande vidogo vigumu vyenye utando wa ute, tayari mna kazi. Dalili nyingine ni kuparapara ardhi, kugeuka kutazama ubavu, kulala na kuinuka, kukunja mdomo wa juu. Ondoeni majani na pumba, maji yaacheni palepale anywe, mtembezeni polepole kama anataka kujibiringisha. Msimmiminie mafuta ya kupikia kwa chupa. Farasi akiwa na maumivu mafuta yanaweza kuishia mapafuni, na hapo mmeongeza ugonjwa wa pili. Daktari wa mifugo hupitisha mpira puani hadi tumboni, na hata yeye huhakikisha kwanza kwamba haukuingia kwenye njia ya hewa.

Kabla ya kumpigia simu, wekeni sikio nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto na mhesabu mapigo ya moyo dakika nzima. Farasi aliyetulia ana 28 hadi 44. Yakipita 60, daktari aje sasa hivi, asingoje kesho. Mwambieni mapigo, saa ya mavi ya mwisho, na lita alizokunywa tangu jana. Hiyo ya tatu haijulikani kama ndoo haina alama, kwa hiyo pakeni mstari wa rangi kila lita 5, leo.

Watunza farasi,
Lubumbashi