Kipimo cha Wali wa Ijumaa

Langoni, Lamu
Jumamosi, baada ya alasiri

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako niliupata zamani, na kuchelewa kujibu si kukupuuza. Uliniomba kitu kimoja tu: vipimo vya wali wa nazi na samaki wa kupaka wa mama, vikombe na vijiko, ili mwanao apike huko Nairobi. Nikaona ni kazi ya dakika kumi. Imenichukua Ijumaa mbili.

Ijumaa ya kwanza nilipanda jikoni na kikombe na daftari. Jiko letu unalijua, lile la juu, makuti yameshuka mpaka mtu mrefu hainui kichwa. Mama kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kila akitaka kutia kitu namshika mkono, "Mama, ngoja nipime." Chumvi alishaitia kiganjani, nikaimimina kijikoni, nikaandika, nikamrudishia. Tui nikalipima kikombe kwa kikombe. Mwisho akaniuliza, "Na nazi umeisikiliza?" Sikumfahamu. Akatoa moja kapuni akaitikisa sikioni mwangu, maji yakacheza ndani yakilia. Akatoa nyingine, kimya, imejaa. "Hii koroma. Andika vikombe kumi vya tui lake, utapika wali wa maji."

Basi hapo nikajua daftari langu lina kasoro. Tena mchele nao haulingani: pishori ya Mwea hulainika upesi, na ule mrefu wa Pakistani hunywa maji zaidi. Kwa hiyo nakuandikia kama anavyofanya yeye, na mwanao ajaribu mara mbili tatu mkono uzoee.

Kwa kilo moja ya mchele, nazi mbili kavu zinazolia. Akamue tui zito aliweke kando, kisha atie maji ya vuguvugu kwenye machicha akamue tena. Hilo la pili ndilo la kupikia. Likichemka na chumvi atie mchele uliooshwa mpaka maji yakatoka safi. Tui lipande juu ya mchele kiasi cha kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada. Likikaribia kukauka amimine lile zito, ageuze mara moja tu, afunike. Mama hapo hupalia makaa juu ya mfuniko. Huko kwenu kwa gesi, moto uwe wa mwisho kabisa wa chini, na kitambaa kikavu chini ya mfuniko kinywe mvuke.

Samaki, akipata changu au tafi ni bora, asipopata achukue yeyote mwenye mnofu. Amkate mikato mbavuni, amsilibe thomu (kitunguu saumu), tangawizi, pilipili, chumvi na ndimu, ambanike. Tui zito jingine liwe mekoni pembeni na manjano kidogo na ukwaju, na hapo ndipo pa kuangalia: alikoroge bila kuliacha mkono, maana likikatika halina dawa. Likishakuwa zito ampake samaki upande mmoja, amrudishe motoni, amgeuze, ampake tena. Mama hupaka mpaka mara nne. Tui la pakiti linapika, sisemi halipiki, lakini kwa kupaka halishiki vizuri mwilini mwa samaki.

Sasa nikwambie lililonikalia moyoni.

Ijumaa ya pili sikwenda na kikombe, nilikwenda kuangalia tu. Mama anakoroga tui, limeshaanza kutoa mafuta juu, ya manjano, yanang'aa. Liko mbele yake, shibri moja na uso wake. Akaniuliza, "Mafuta yashapanda?"

Nikamwambia yamepanda. Nikanyamaza, nikaanza kumtazama yeye badala ya sufuria. Kisu alikitafuta kwa kupapasa. Pilipili aliinusa kabla ya kuikata. Wali alipoutegea sikio nilidhani ni mazoea, kumbe anasikiliza kama tui limekwisha kukauka, kwa sababu haoni ndani ya sufuria. Nilipomuuliza, akakiri taratibu kwamba mato, yaani macho yake, yana ukungu tangu msimu wa kusi wa mwaka juzi. Shoga, kusi ya mwaka juzi! Na sisi kila Ijumaa tunatoka msikitini tunakuja, ndugu yangu na wanawe wanafika kwa mashua kutoka Shela, ami anakaa pale dakani mlangoni mpaka aitwe, watoto wa dada wanapanda na kushuka ngazi. Makombe matatu ya wali yanateremshwa, la wanaume, la watoto, na letu sisi ndani. Tunakula, tunamsifu, tunaosha mikono, tunaondoka. Hakuna aliyeona. Mimi niliyelala nyumba hiyohiyo sikuona.

Nililia usiku ule, na mpaka sasa nikikumbuka koo linanibana.

Daktari kasema ni mtoto wa jicho, husafishwa kwa upasuaji mdogo, kwanza jicho moja, baadaye la pili. Tumeshapewa siku. Mama mwenyewe hakuogopa kisu. Aliloogopa ni kuambiwa asiiname na asikae karibu na moshi kwa wiki kadhaa. "Na Ijumaa?" Dada akasema kila mmoja apike kwake kwa muda huo, tupumzike. Nikaona uso wa mama umebadilika, akasema kombe likishatoka nyumbani kulirudisha kazi. Na mimi naamini ana haki. Unakumbuka mwaka 2020, misikiti ilipofungwa kwa korona na watu kuogopa kukaribiana? Alipika vilevile, akajaza mabakuli, akayapeleka nyumba kwa nyumba kwa mikono ya watoto. Na hakuna bakuli lililorudi tupu. Moja lilikuja na kaimati, moja na maembe mabichi ya achari, moja na ndimu tatu tu, za yule jirani wa uchochoroni ambaye hana kitu. Hivyo ndivyo Ijumaa yetu haikukatika.

Kwa hiyo tumekubaliana, nitapika mimi. Yeye atakaa ukumbini kwenye kiti, mlango wa ngazi uwe wazi, na nazi nitamteremshia azitikise kabla sijazivunja. Jana nimejaribu mara ya kwanza peke yangu. Wali ulikuwa mzuri, samaki mmoja aliungua mkia. Ami alikula akaongeza. Mama alionja, akatafuna muda mrefu, akasema chumvi imechelewa kutiwa. Jambo hilo sikulijua kwamba linaonjeka. Ukoko niliukwangua nikaula nimesimama, kipande chako kile cha pembeni, maana huko uliko hakuna wa kukugombania.

La mwisho. Mbuzi ya marehemu mama yako ilibaki kwetu mlipopangisha nyumba. Nimeisugua kwa mchanga na ndimu, na meno yake nimeyapeleka yakanolewa. Nimeifunga kwa leso kuukuu pamoja na chupa ya achari ya embe na nazi nane, kila moja nimeitikisa mwenyewe. Kesho asubuhi mzigo unavuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kutoka hapo ni basi. Nikishaukabidhi nitakupigia nikwambie ni basi gani.

Mwambie mwanao akae juu yake vizuri, kanga aikunje magotini, na asikune mpaka kwenye ganda, tui litaingia weusi. Akikwama anipigie, hata mama yuko, anapenda kuulizwa.

Nisalimie wote nyumbani.

Shoga yako wa Langoni