Salamu za Hinamatsuri kwa Wapenzi wa Wanasesere

Wapendwa wakusanyaji wenzangu,

Nawasalimu nyote, mlio hapa Japani na mlio ng'ambo, na kuwatakia heri ya Hinamatsuri, sikukuu ya mabinti na wanasesere wao inayofika Machi 3. Wenyeji huiita pia sikukuu ya mpichi, ingawa tunapokutana mpichi wenyewe kwa kawaida huwa bado haujachanua. Japani ilipoiacha kalenda ya zamani na kushika ya Gregori mwaka 1873, tarehe ilibaki ileile huku msimu ukisogea, na ndiyo sababu baadhi ya maeneo huadhimisha Aprili 3 hadi leo. Sisi tunaokutana nje husherehekea katika baridi, na bado nasema kwamba hakuna maonyesho ya ndani, yenye wanasesere nyuma ya vioo, yanayoweza kutupa tunachokipata pale ngazini Katsuura.

Katika mji huo wa wavuvi, mkoani Chiba, vidato 60 vya mawe vya hekalu la Kishinto la Tomisaki hupangwa wanasesere wapatao 1,800 chini ya anga. Wakazi wanaojitolea huwatoa asubuhi na kuwarudisha ndani jioni, na mvua ikinyesha hawatolewi kabisa. Mkusanyaji anayejua uzito wa kufungua sanduku moja tu nyumbani kwake ataelewa kazi hiyo ni ya upendo wa namna gani. Tena sherehe yenyewe imesimama juu ya zawadi: mwaka 2001 mji mwingine uitwao Katsuura, ulioko mkoa wa Tokushima, ambao ulikuwa umeanzisha maonyesho yake tangu 1988, uliwapa wenzao wa Chiba wanasesere wapatao 7,000.

Wengi wa wanasesere hao walitoka katika nyumba zilizoshindwa kuwatunza. Seti kamili ina watu 15 juu ya madaraja saba yenye kitambaa chekundu, nayo hununuliwa, mara nyingi na babu na bibi, kwa ajili ya sikukuu ya kwanza ya binti. Binti akishakua na kuhama, wazazi wakahamia nyumba ndogo ya ghorofani, masanduku hubaki kabatini mwaka baada ya mwaka. Baadhi ya familia huwapeleka wanasesere hekaluni waombewe na kuagwa kwa shukrani, na siwalaumu hata kidogo, maana hiyo nayo ni heshima. Hata hivyo moyo wangu uko kwa wale wanaopata nafasi ya kutazamwa tena.

Mkifika, msiridhike na picha ya ngazi nzima. Mtafuteni mmoja wa wale watumishi watatu wa daraja la tano, ambao katika seti nyingi mmoja hucheka, mwingine hulia na wa tatu amekasirika, kisha mtazame uso wake jua la asubuhi likimwangaza ubavuni. Weupe wa nyuso za zamani ni unga wa makombe ya chaza uliochanganywa na gundi, ukapakwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa hadi ukang'aa, na penye mwanga wa jua mtaona nywele za ukingo wa paji zilivyochorwa kwa brashi, mmoja mmoja. Msiuguse uso huo kwa vidole, kwa sababu jasho na unyevu huutia madoa yasiyotoka. Na mkiwarudisha sandukuni, msichanganye kafuri na naftalini, dawa za kufukuza wadudu, kwani hizo mbili zikikutana huyeyuka na kuharibu mavazi.

Msimu huu nawakumbuka pia wanasesere wa mwaka 1927. Miaka mitatu baada ya Marekani kupitisha sheria iliyowafungia mlango wahamiaji kutoka Japani, mmishonari Sidney Gulick aliongoza juhudi zilizoleta wanasesere zaidi ya 12,000 kutoka kwa watoto wa Marekani, wakapokewa Tokyo siku ya Hinamatsuri. Kwa msaada wa mfanyabiashara Eiichi Shibusawa, Japani ilijibu kwa kutuma wanasesere 58 wakubwa waliovaa kimono. Vita vilipokuja, wengi wa wale wa Marekani walichomwa au kuvunjwa kama mali ya adui, lakini baadhi ya walimu waliwaficha, na zaidi ya 300 wapo hadi leo. Kila ninapoona mtu akimtoa mwanasesere mzee mbele za watu bila kuuliza bei yake, nawafikiria walimu wale.

Basi nina ombi moja kwa watakaokuja tunapokutana na seti za kutafutiwa wenyewe wapya. Wekeni ndani ya sanduku karatasi yenye maelezo ya mji ilikotoka, mwaka iliponunuliwa na, familia ikiridhia, jina la binti aliyenunuliwa seti hiyo. Habari hizo zikipotea haziwezi kununuliwa popote. Wanaopokea nao watume picha kwa familia iliyotoa mara tu watakapoipanga seti hiyo.

Heri ya sikukuu kwenu nyote, na hongera za pekee kwa wazazi ambao binti zao wanaadhimisha Hinamatsuri yao ya kwanza mwaka huu.