Kura ya lazima ilitungwa kwa hofu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza kwamba dawa ya vituo vya kura vinavyokaa vitupu ni kuiga Australia, ambako kupiga kura ni lazima kisheria. Aliisifu sheria hiyo kana kwamba ilitungwa na watakatifu. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nimehamia Brisbane, na sheria hiyo inanihusu mwenyewe. Kila uchaguzi napanga foleni kwenye shule ya jirani, wazazi wakichoma soseji uwanjani, mawakala wa vyama wakinisukumia vikaratasi vya kunielekeza niwapange vipi wagombea kwa namba, maana ndivyo kura inavyopigwa huku. Foleni hainikeri, na soseji si mbaya. Ila hadithi ya sheria hiyo msomaji mwenzangu ameisimulia upande mmoja.

Ilianzia hapahapa Queensland, jimbo ambalo mji wake mkuu ni Brisbane, mwaka 1914, miaka kumi kabla ya Bunge la nchi nzima kuifuata. Walioipitisha ni Waliberali wa Digby Denham, Waziri Mkuu wa jimbo, na nyuma ya sheria ile kulikuwa na mgomo.

Januari 1912 wafanyakazi wa tramu za Brisbane walivaa beji za chama chao cha wafanyakazi wakiwa kazini, wakasimamishwa. Mji mzima ukagoma. Tarehe 2 Februari polisi waliwashukia waandamanaji kwa virungu. Siku hiyo Emma Miller, bibi wa miaka 72, alikuwa amewaongoza akina mama kwenda Bungeni. Inasimuliwa mpaka leo kwamba alichomoa pini ya kofia yake akamchoma nayo farasi wa kamishna wa polisi. Farasi akaruka, kamishna akala vumbi. Denham aliomba askari wa serikali kuu akanyimwa. Aprili akaitisha uchaguzi, akahubiri usalama na utii wa sheria, akashinda. Wapinzani wake, chama cha Labor, wakaambulia viti 25 kati ya 72.

Ushindi ule haukumpa usingizi. Labor walikuwa na vyama vya wafanyakazi: wakata manyoya ya kondoo, wakata miwa, watu wa machinjioni. Siku ya kura wanachama walikumbushana na kukokotana mpaka kituoni. Wafuasi wa Denham, wenye maduka na makarani wa ofisini, wangeweza kubaki barazani wakinywa chai. Hesabu ya Waliberali ikawa nyepesi: tukimlazimisha kila mtu, wavivu wetu nao watatoka. (Hesabu za namna hii tunazijua hata kwetu. Anayezipiga huwa hajihesabu upande wa wanaoshindwa.)

Basi tarehe 22 Mei 1915 watu wakatoka kweli. Waliopiga kura walipanda kutoka takriban asilimia 75 mwaka 1912 hadi takriban 88. Labor ya T. J. Ryan, wakili aliyekuwa mbunge wa Barcoo, ikazoa viti 45. Denham mwenyewe akabwagwa katika kiti chake cha Oxley.

Sisemi sheria ndiyo iliyomwangusha. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepandisha bei ya vyakula, ukame umekausha malisho, na nyama imekuwa ghali katika jimbo lenye ng'ombe kila upande. Wakulima, ambao Waliberali waliwahesabu kuwa watu wao, walisimamisha wagombea wao wenyewe. Mama aliyetoka kugombana na mwenye bucha, ukimlazimisha aende kituoni, atakwenda na hasira zake zilezile. Ryan aliuelewa ugomvi huo: kabla mwaka haujaisha serikali yake ilifungua bucha lake katika mtaa wa Roma hapa Brisbane, ikauza nyama kwa bei ya chini, na miaka iliyofuata mabucha ya namna hiyo yakaenea jimboni. Leo nikishuka treni mtaani hapo huwaza ile foleni ya kitoweo.

Lakini kuna jambo moja ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa kabisa. Sheria ile iliyosema kila mtu apige kura haikuwahesabu wenyeji wa asili wa ardhi hii. Wanawake wa kizungu walikuwa wamepata kura ya jimbo tangu mwaka 1905. Waaborijino wa Queensland walisubiri mpaka mwaka 1965, miaka 50 baada ya uchaguzi wa Ryan, na Labor waliokuwa wakitetea wanyonge walitawala sehemu kubwa ya miaka hiyo. Wengi wa watu hao walifanya kazi kwenye mashamba ya ng'ombe yaliyolisha mabucha niliyoyataja.

Msomaji mwenzangu anapendekeza faini kwa asiyepiga kura. Ningependa atueleze kwanza ni nani hayumo kwenye daftari la wapiga kura, na kwa nini: mvuvi anayelala kambini ziwani, binti aliyehama kwa kuolewa, mzee ambaye majina yake hayalingani kwenye vyeti viwili. Je, hao nao tutawatoza?

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Brisbane, Australia