Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2021

Ndugu wanachama,

Nawasalimu wote, mliofika na mliobaki zizini. Hesabu za mfuko atazisoma mhazini. Mimi nitasema zaidi habari ya fedha za korona, maana ndizo zilizotuletea maneno.

Tukumbushane. Aprili 2020 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza dola bilioni 16 za kuwalipa moja kwa moja wakulima na wafugaji walioharibikiwa soko. Ng'ombe walilipiwa kwa kichwa. Mbuzi hawakuwemo, na sisi hapa Kentucky ni watu wa mbuzi na lengalenga, yaani mchicha. Septemba ikaja awamu ya pili, hadi bilioni 14, na mbuzi wakaingia kwa hesabu ya mauzo: ulionyesha uliuza kiasi gani mwaka 2019, ukalipwa asilimia 10.6 ya dola 49,999 za kwanza. Dirisha la maombi likafungwa Desemba 11. Kwetu walikuwa wamejaza fomu watu watatu.

Wengine mnalaumu ofisi ya kaunti iliyopokea fomu. Ni kweli mlango ulifungwa kwa ajili ya ugonjwa, na simu iliita mpaka mtu akachoka. Lakini wengi wetu, hata tungepokelewa kwa chai, tusingekuwa na la kujibu. Mali bila daftari huisha bila habari, nasi tuliuza mkononi bila kuandika. Tena wapo waliodhani ni mkopo wakakimbia.

Aprili 5 mwaka huu dirisha lilifunguliwa tena, likafungwa Oktoba 12. Safari hii tulikaa mezani kwangu, mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja alikuja na kalenda ya kanisa ya 2019 ndani ya mfuko wa plastiki. Kila mbuzi aliyeuzwa alikuwa amemchorea duara, na pembeni herufi mbili za jina la mnunuzi. Maduara yalijazana karibu na Idd. Tulihesabu 25. Watatu walikuwa majike waliouzwa kwa kuzalisha, ambao hawakuruhusiwa, tukawafuta. Wakabaki 22, kila mmoja dola 200. Jumla 4,400, malipo dola 466 na senti 40. Akacheka: "Mbuzi wawili na paja!" Lakini alilipwa, na kalenda ile ameihifadhi, kwa sababu ofisi haikudai risiti siku ya kujaza, ila ingeweza kuja kukagua baadaye.

Ndiyo maana niliwakatalia ndugu wawili waliotaka tukadirie tu. Najua walinung'unika, na mmoja hanijibu salamu mpaka leo. Anayetia sahihi ndiye anayejibu, na kwa mgeni wa nchi hii fomu ya uongo si jambo la kufanyia mchezo.

Mliolipwa, fedha hizo ni kipato. Itakuja fomu 1099-G, karatasi ya kodi inayoonyesha serikali ilikulipa kiasi gani. Msiitupe pamoja na matangazo ya maduka, mpelekeeni anayewaandalia kodi.

Kamati imenunua madaftari, moja kwa kila nyumba, yako kwa katibu. Andikeni tarehe, idadi, bei na mnunuzi, na majike ya kuzalisha ukurasa wake. Lengalenga za sokoni Jumamosi nazo ziingie, hata fungu la dola mbili. Atakayeshindwa kuandika amtumie mtoto wake. Wale wanajua kuliko sisi.

Mwenyekiti wenu